Herufi Moja Katika Daftari la Marehemu

Ujumbe wa muamala uliingia saa tatu usiku, nikiwa nimekaa mkekani na kalamu, rula na daftari la madeni la marehemu mume wangu. Shilingi 2,000. Ilikuwa mara ya kumi na mbili kwa mama yule yule kunitumia kiasi kile kile siku ya Ijumaa, na kwa malipo hayo deni lake la shilingi 24,000 lilikuwa limekwisha: tairi moja 18,000, tyubu moja 6,000. Niliweka rula juu ya jina lake ili nipige mstari.

Hapo ndipo nilipoitazama tena ile herufi.

Pembeni mwa jina, kwa wino mwekundu, marehemu alikuwa ameandika swadi, ile ص ya Kiarabu yenye tumbo la mviringo na mkia uliojikunja. Haikuwa mpya machoni pangu, kwa kuwa nilikuwa nimeiona mbele ya majina mengi tangu siku ya kwanza nilipolifungua daftari, na maana yake nilikuwa nimeshajiamulia: swahihi. Deni limehakikiwa, hesabu imekaa sawa, lidaiwe. Usiku ule, hata hivyo, rula iliteleza, na jicho langu likaangukia mstari wa juu, ambako palikuwa na swadi nyingine mbele ya jina la mzee mmoja muuza kahawa. Mzee huyo alikuwa amefariki muda mrefu kabla ya mume wangu, naye hakuacha mtoto wala ndugu anayejulikana, na swadi ile ilikuwa na tarehe ya siku tatu baada ya mazishi yake. Mtu anahakiki deni la maiti asiye na mrithi ili amdai nani?

Nikaanza kufunua kurasa kutoka mwanzo. Swadi zilikuwa 19. Muuza kahawa. Kijana wa madafu aliyevunjika mguu. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani kilichoko uchochoroni nyuma ya duka letu. Wajane wawili. Mama wa bagia, yaani huyu niliyekuwa nimemwekea rula juu ya jina. Karibu wote walikuwa watu ambao hata mimi, nikitaka kugawa futari mwezi wa Ramadhani, ningeanzia kwao.

Neno jingine linaloanza kwa swadi ni sadaka.

Sikupiga mstari.

Tangazo la makaburini

Mwezi ujao utatimia mwaka mmoja tangu mume wangu alipofariki, baada ya homa na kifua cha wiki mbili tu. Mimi sikufika makaburini, bali shemeji yangu ndiye aliyenisimulia kwamba alisimama na kutoa lile tangazo tunalolijua sote: kama kuna mtu anayemdai marehemu na aje kwetu, na kama kuna aliyekuwa akidaiwa naye, vilevile aje. Nilipolisikia sikulipa uzito. Nililichukulia kuwa sehemu ya maziko, kama udongo na maji ya waridi.

Kumbe lilikuwa tangazo la kazi yangu ya mwaka mzima.

Duka lenyewe ni la vipuri vya baiskeli, lipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo sisi watu wa Tanga tunazitaja kwa namba. Pikipiki zimeyala maduka ya namna hii kwa miaka mingi sasa, lakini bado wapo wauza madafu, wauza samaki, wapeleka maziwa na wanafunzi, na hao wote wanahitaji spoki, cheni, gololi na solusheni ya viraka. Biashara ya watu hao huenda kwa mkopo. Mume wangu aliijua hivyo, ndiyo maana daftari lake lilikuwa nene kuliko droo yake ya fedha.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Duka aliliendesha fundi wetu, kijana aliyelelewa na kazi ile tangu akiwa mdogo, na kila jioni alikuja kusimama nje ya mlango ulioegeshwa, akinisomea mauzo ya siku na kunipitishia fedha zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilijifunza duka kwa masikio kabla ya kulijifunza kwa macho. Nilijua bei ya pedeli kabla sijawahi kuuza pedeli. Nilipotoka eda na kusimama nyuma ya kaunta kwa mara ya kwanza, vitu vilinijia kama watu ambao mtu amekuwa akizungumza nao kwa simu tu: kumbe gololi za mbele ni ndogo kiasi hiki, kumbe harufu ya mpira mpya inakaa kwenye nguo mpaka asubuhi.

Sifa

Lazima niseme ukweli kuhusu miezi iliyofuata, kwa sababu ndiyo inayonisumbua.

Nilifanya vizuri. Nilihamishia cherehani yangu kwenye pembe ya duka, nikawa nashona pale ambapo hakuna mteja. Fundi alinifundisha kunyoosha ringi, kazi ambayo nilidhani ni ya misuli, kumbe ni ya subira. Unaipindua baiskeli, unazungusha gurudumu, unashikilia kipande cha chaki karibu na ringi mpaka pale palipochomoza pajipake penyewe. Kisha unalegeza spoki za upande huo robo mzunguko, unakaza za upande wa pili robo mzunguko, unazungusha tena. Gurudumu la kwanza nililolinyoosha peke yangu lilikuwa la nyuma, lenye spoki 40, na lilinila asubuhi nzima. Mteja alipoondoka nalo nilitoka barabarani kumtazama mpaka akapinda kona.

Halafu nikaanza kudai.

Hapo awali sikuwa mtu wa kudai. Mteja wa nguo akinizungusha, nilikuwa namwachia mume wangu amkumbushe, naye mara nyingi alisahau, au nilidhani alisahau. Sasa nilikuwa na daftari, nilikuwa na watoto wawili wa shule, na nilikuwa na msamiati mpya. Nilijifunza kumpigia mtu simu saa moja asubuhi, kabla hajapata la kusingizia. Nilijifunza kukaa kimya baada ya kutaja kiasi, nikaona jinsi ukimya unavyomfanya mtu aahidi. Kufikia mwezi wa Desemba nilikuwa nimekusanya zaidi ya nusu ya madeni yaliyokuwemo daftarini, jambo ambalo shemeji yangu alikiri mbele ya ukoo kwamba marehemu mwenyewe asingeliweza.

Nilisifiwa sana. Mjane shupavu. Mwanamke chuma. Jirani mmoja aliwaambia binti zake wanitazame mimi. Nami nilizipokea sifa zile kwa kiu ambayo sikuijua kuwa ninayo, kwa sababu mwaka ule ulikuwa umeninyang'anya mambo mengi, na hili lilikuwa jambo la kwanza ulilonipa. Ningeulizwa mwezi wa Januari ni mabadiliko gani ya mwaka wangu ninayojivunia, ningejibu bila kusita: nimejua kudai haki yangu.

Sasa hebu nirudi kwenye swadi.

Ishirini na nne

Baadhi ya wasomaji wataniambia kwamba shilingi 24,000 si kitu cha kumkosesha mtu usingizi, nirudishe tu, yaishe. Nilijiambia hivyo hivyo usiku ule ule. Kisha nikakumbuka kwamba fedha zile hazikuwa zangu.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kilinipendekeza, nikaenda na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo mpaka Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa, nikaorodhesha mali na madeni. Marehemu ameacha mke, mama na watoto, basi kwa sheria yetu ya Kiislamu mke ana thumuni, yaani moja ya nane, mama ana sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki ni cha watoto. Yeyote aliyekaa darasa la faraidhi atakuambia kwamba hesabu hiyo hukatwa mafungu 24: matatu yangu, manne ya mama mkwe, 17 ya watoto. Lilikuwa jambo la ajabu kidogo kwamba deni la mama wa bagia liliangukia elfu ishirini na nne kamili, kana kwamba limekatwa kwa ajili ya kunifundisha. Elfu tatu yangu. Elfu nne ya mama mkwe. Elfu kumi na saba ya watoto ambao hawajabaleghe, na mali ya yatima haisamehewi na mtu kwa niaba yao, hata akiwa mama yao mzazi.

Kwa hiyo kama nimeisoma swadi vibaya, nimemtoza maskini kitu ambacho hakudaiwa. Na kama sasa ndiyo ninaisoma vibaya, nikirudisha, nimewapunja yatima. Upande wowote niliogeukia palikuwa na mtu ninayemdhulumu, na ushahidi wangu wote ulikuwa herufi moja ya wino mwekundu.

Kuna jambo nililoliona wiki zile ambalo sikuwahi kulitafakari, ingawa aya zenyewe nimezisoma tangu utotoni. Aya ya 280 ya Surat al-Baqara inasema kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muhula mpaka afarijike, na kulifanya deni kuwa sadaka ni bora zaidi. Aya mbili mbele yake, ya 282, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na karibu yote ni habari ya kuandika deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, pawe na mashahidi. Mume wangu aliyajua yote mawili. Mkopo aliuandika kwa ukamilifu, tarehe, kifaa, bei, hata rangi ya fremu. Msamaha aliuandika kwa herufi moja. Ninamwelewa, aliona haya kuutangaza wema wake hata kwenye karatasi. Lakini wiki zile nilimkasirikia kama ambavyo sikuwahi kumkasirikia akiwa hai, na kumkasirikia mtu ambaye huwezi kumwuliza ni kazi inayochosha.

Mama wa bagia

Ilinichukua karibu miezi miwili kwenda kwake. Mwanzoni nilijiambia ninasubiri Ramadhani ipite, kisha nikajiambia ninasubiri sikukuu ipite, kisha masika yakaanza na nikapata udhuru wa tope. Alhamisi moja mvua ilikatika alasiri, nikajifunga mtandio, nikaenda.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anasaga kunde zilizoloweshwa kwa kinu cha mkono. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda bila kuacha kusaga. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Badala yake nilifungua daftari, nikaweka kidole pale kwenye swadi, nikamwuliza kama aliwahi kuzungumza na marehemu kuhusu deni lile.

Alifuta mikono. Alilitazama daftari kwa muda, ingawa baadaye niligundua kwamba hajui kusoma.

“Aliniambia yamekwisha,” alisema. “Siku ile mwanangu aliporipoti shule. Alisema, mama, ile baiskeli nenda nayo, yamekwisha.”

Nilimwuliza kwa nini, basi, aliponiona mlangoni kwake mwezi wa Novemba hakuniambia. Nilimwuliza kwa sauti iliyopanda kidogo, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

“Ningesemaje, mwanangu? Umetoka eda juzi, umeshika daftari, sina shahidi. Niseme marehemu alinisamehe? Kila mwenye deni la maiti husema hivyo.”

Akarudi kwenye kinu.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nakumbuka kwamba kunde zilikwisha, akaongeza vitunguu na pilipili, akaanza kuchoma bagia za jioni, na kwamba mafuta yalikuwa machache kwenye karai, kiasi kwamba bagia hazikuelea bali zilikaa na akalazimika kuzigeuza kila mara. Sikumwuliza kama mafuta yalikuwa machache vile siku zote au tangu Novemba. Sikutaka kujua.

Asubuhi yake nilimwendea shehe mmoja anayefundisha mirathi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akataka kuziona tarehe. Alieleza kwamba tarehe ndizo zinazoamua, kwa kuwa mtu anayesamehe deni akiwa katika maradhi yaliyomwua, msamaha wake huhesabiwa kama wasia na hauvuki theluthi ya mali, lakini aliyesamehe akiwa mzima amekwishasamehe, na deni hilo si mirathi tena. Swadi ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Machi. Mume wangu aliugua Juni.

“Basi hiyo fedha hukuirithi,” aliniambia. “Uliichukua.”

Sikulipenda neno lile, na mpaka leo silipendi, ila sina jingine.

Mwenye lori

Ningependa habari iishie hapo, kila swadi iwe sadaka, nami nizunguke mitaa ya Ngamiani na bahasha nikirudisha. Lakini zipo swadi 19, na ya kumi na moja iko mbele ya jina la mtu mwenye lori, nyumba ya ghorofa na maduka mawili ya saruji.

Alichukua baiskeli mbili nzima za watoto wake, kwa mkopo. Sioni kwa nini mtu kama huyo asamehewe. Nilipompigia simu alicheka, akasema yeye na marehemu walikuwa ndugu na kwamba hadaiwi. Labda ni kweli. Labda kulikuwa na jambo kati yao, fadhila fulani ya zamani ambayo mume wangu aliilipa kwa njia hiyo. Labda hapo, na hapo tu, swadi ni swahihi. Nimelitazama lile tumbo la herufi mpaka nimeanza kuona kwamba la mwenye lori limeandikwa kwa haraka zaidi kuliko mengine, kisha kesho yake naona yote ni sawa.

Shehe alisema kwamba mwenye kudai kusamehewa alete ushahidi, na akikosa, pana kiapo. Nikamwuliza kwa nini mama wa bagia nimemwamini bila kiapo. Akatabasamu, akaniambia hilo ni swali langu mwenyewe, si lake.

Nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba mama wa bagia alikuwa ameshalipa. Hakuwa na cha kupata kwa kusema uongo alipokuwa hajui kama nina nia ya kurudisha. Mwenye lori ana cha kupata. Huenda si haki kuwapima watu hivyo, na deni lake bado sijalikata wala sijalidai tena. Limekaa. Ndilo jambo pekee katika hesabu yangu ya mirathi ambalo nimeliandikia “linachunguzwa”, na najichekea kila ninapoliona neno hilo la kiofisi, kwa sababu mchunguzi ni mimi na shahidi yuko kaburini.

Mwaka wa pili

Kati ya wale 19, watano nilikuwa nimewatoza chochote, jumla shilingi 73,000. Wanne nimewarudishia. Wa tano alihamia Korogwe, na fundi ameahidi kumtafuta akienda kwao. Mama mkwe nilimweleza yote nikitarajia atanilaumu, lakini alikaa kimya kwa muda, kisha akaniomba nimsomee majina yote yenye swadi, moja baada ya jingine, naye kwa kila jina akasema “mwanangu huyo”, bila ya mimi kujua kama anamkusudia mwenye jina au aliyeliandika.

Hitima ya mwaka tutaisoma mwezi ujao, Mungu akipenda. Nilikuwa nimepanga siku hiyo nitangaze kwamba daftari limefungwa. Sitatangaza. Nitamwomba shemeji arudie lile tangazo la makaburini kwa kuongeza kipande kimoja: kwamba yeyote aliyeambiwa na marehemu kuwa yake yamekwisha, aje aseme, na hatatakiwa kuona haya.

Kuhusu ule ukali niliosifiwa, sijaamua. Sitaki kuutupa wote, kwa kuwa ada za shule hazilipwi kwa upole, na wapo wadaiwa wenye uwezo ambao ukiwachekea watakupigia hodi ya mkopo mwingine. Lakini nimeacha kupiga simu za saa moja asubuhi. Ukimya wa baada ya kutaja kiasi nao nimeuacha, ingawa bado najua jinsi unavyofanya kazi, na siku nyingine ulimi wangu huutamani.

Nimenunua daftari jipya la kurasa 200, la gamba gumu. Binti yangu, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, amechora safu nne: kilichochukuliwa, bei, kilicholipwa, na safu pana ya mwisho ambayo alitaka kuiita “mengineyo” nami nikamkatalia. Inaitwa “tulivyoelewana”, na humo ni marufuku kuandika kifupisho.

Jumatatu iliyopita mama wa bagia alikuja dukani mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimrudishie fedha zake. Alikuja na bagia sita zilizofungwa kwenye gazeti, na baiskeli ya mwanawe ikiwa na tyubu ya nyuma iliyopasuka kwenye valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Alisema hana fedha mpaka mwisho wa mwezi. Fundi alinitazama. Nilishusha tyubu ya inchi 28 kutoka kwenye kulabu, nikafungua daftari jipya, nikaandika jina lake, tarehe, na 6,000, kisha nikageuka kumwuliza kuhusu ile safu ya mwisho. Alifikiri kidogo, akasema, “Andika nitalipa.”

Nikaandika: atalipa.